Baada ya Wimbo Huu

...yote yalianza Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kwanza, saa kumi na moja na dakika nane jioni, Falonne anaijua dakika hiyo kama mtu anavyolijua jino lake bovu, ndiyo dakika ambayo programu ya muziki, bila kuulizwa na yeyote, iliruka kutoka kinanda cha msiba hadi vigelegele vya harusi, redioni, hewani, Butembo nzima ikisikia na Beni nzima ikisikia, na tangu hapo usingizi wake umekuwa wa vipandevipande, na leo ni Jumanne, amekaa kwenye kiti kilekile chenye mguu uliofungwa kamba, mbele ya kompyuta ileile, kiganja juu ya kipanya kilekile, na ng'ambo ya kioo mtangazaji Muyisa amekwisha kunywa funda lake la maji, amekohoa mkono mdomoni, taa nyekundu imewaka, anasoma, "Familia ya marehemu mzee Syauswa, wa komini ya Kimemi, hapa Butembo, inajulisha tena ndugu, jamaa na marafiki..." tena, neno hilo tena linamchoma, hakuna familia inayopaswa kutangaza kifo kimoja mara mbili, mtu hufa mara moja, hutangazwa mara moja, kisha huwekewa wimbo mmoja wa kinanda, wa taratibu, basi, na kuuweka wimbo huo ndiyo kazi ya Falonne, Muyisa husoma na yeye huweka wimbo, kazi ambayo mtu angedhani haihitaji miaka mitano ya informatique chuo kikuu, na kweli haihitaji, inahitaji tu programu inayojua jambo moja, piga wimbo huu kisha ungojee mkono wangu, lakini programu ya namna hiyo haipo, ameitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwa koti ambalo tayari ameligeuza mara kumi, haipo... "aliyefariki dunia siku ya Jumanne iliyopita na kuzikwa siku ya Alhamisi..." na kuzikwa, ndiyo, amekwisha kuzikwa, na kabla hawajaingia Muyisa alimtania, akiwa amesimama mlangoni na karatasi yake, "Madame l'ingénieur, ile machine yako leo iko na akili, ao iko imekunywa?" na Falonne alicheka kidogo kwa heshima, kwa sababu Ya Muyisa, kaka Muyisa, ni mkubwa wake na hana ubaya... "na hasa mzaliwa wake wa kwanza, Kahongya Syauswa, aliye Eringeti kwenye mashamba ya kakao, popote ulipo..." popote ulipo, Kahongya, ni wewe, ni kwa ajili yako, watu wengine wote wa ukoo wanajua, walilia, walizika, walirudi, ni wewe peke yako ambaye bado unafikiri baba yako yu hai na kwamba nyumbani kwenu watu walikula pilau.

Maana watu wa mashambani hawasikilizi redio kama watu wa mjini, hawakai nayo sebuleni, wanaining'iniza kwenye tawi au kwenye mpini wa jembe, upepo unakula nusu ya jina, panga linakula nusu nyingine, tena matangazo yenyewe huwafikia kwa kurushwa na redio rafiki ya Beni inayoichukua sauti ya Butembo saa hiyohiyo, kwa hiyo mtu akikamata jina la kwao husimama, anangoja wimbo, wimbo ndio unaomwambia, kikija kinanda anavua kofia, zikija ngoma anatabasamu na kuendelea kulima, ndivyo ilivyo tangu Falonne akiwa mdogo, hata bibi yake huko Lubero alikuwa akisema, nyamazeni kwanza, tusikie wimbo, basi Kahongya alisikia Syauswa wa Kimemi, akasimama, akasikia mwanzo wa kinanda labda au labda hakuusikia, kisha vigelegele, mwanamke mzima mzima akipiga vigelegele, na kijana akiimba bibi-arusi toka nje tukuone, naye Kahongya akafurahi, akasema kumbe mdogo wetu wa mwisho ameolewa, wangenitumia hata neno, akaendelea kukata kakao, na Alhamisi baba yake akashuka kaburini bila ule udongo wa kwanza kutoka kwenye mkono wa mtoto wa kwanza, na simu ya Kahongya haipatikani, mtandao huko si wa kutegemea, mpaka Jumamosi mwendesha pikipiki mmoja anayebeba kakao alipofika Butembo na ujumbe, akausema uani kwa marehemu bila kujua anachokisema, "Kahongya anawasalimia sana, anauliza ni nani alifunga ndoa," na watu wakamtazama yule mtu, na yule mtu akautazama moto, akauona ule moto, akaelewa, akavua kofia, lakini kurudi tena upande ule alikataa, barabara si nzuri wiki hii, na hakuna aliyemlazimisha, nani amlazimishe mtu barabara ile... na moto wenyewe, kwa akina Syauswa moto wa kilio hauzimwi mpaka mtoto wa kwanza afike, yeye ndiye huuzima, kwa hiyo bado unawaka, wanaununulia kuni, wajukuu wamelala nje usiku wa saba huu na vifua vyao vimeanza kukohoa, wanangoja, na wote hao wanangoja kwa sababu ya kisanduku kimoja kidogo cha jina la msanii kwenye skrini ambamo Falonne, mtu wa kupima kila kitu, mtu ambaye huwarudisha wenzake kurekebisha hata koma, aliandika neno moja, Kambere.

Kambere, nani asingeandika hivyo, mpiga kinanda wa kanisa lao ni Kambere, Kambere Éliakim, mtu mpole anayevaa koti hata jua linapochoma, na hakuna amwitaye Éliakim, hata mkewe humwita Kambere, na yule kijana wa nyimbo za harusi, mwenye miwani myeusi na wanawake wa kukodi wa vigelegele, naye ni Kambere, lazima awe Kambere, ni mvulana wa pili wa mama yake, na kwetu kila mama mwenye wavulana wawili ana Kambere wake, mji umejaa akina Kambere, wauza petroli, walimu, wachungaji, hata mwizi wa mabati aliyekamatwa mwaka jana, na hakuna anayewachanganya, unasema Kambere wa kinanda, Kambere wa mabati, mtu anaelewa, lakini programu, ile ya tatu kati ya nne alizonazo, ile nzuri ya rangi ambayo Directeur, mkurugenzi wa redio, anaipenda kwa sababu huchora picha ya kila albamu, ilijifanyia mise à jour, ikajisasisha yenyewe usiku ambao mtu alisahau kuzima internet, ikaamka na tabia mpya ambayo haikuitangaza kwa yeyote, wimbo ukiisha na hakuna mwingine uliopangwa nyuma yake, inakuchagulia, kwa ukarimu, inatafuta msanii huyohuyo ana nini kingine, ikaona kinanda cha Kambere kimeisha, ikaona Kambere ana nyimbo nyingine arobaini na kitu, zenye furaha zaidi, ikaona vema... "mnaombwa wote kufika nyumbani kwa marehemu, Kimemi, nyuma ya soko..." na mama yake Falonne, huko Beni kwenye duka lake la vitenge, sasa hivi anasikiliza, yeye husikiliza matangazo yote mpaka mwisho, na kila wakisoma Kavira hushika kifua mpaka jina la pili litamkwe, kwa sababu Falonne ni Kavira na Kavira wako kila nyumba, "mwanangu, siku watasoma Kavira na mtangazaji akohoe hapo katikati, mi nitakufa mbele, kabla ya jina la pili," ndivyo asemavyo, anacheka, lakini hacheki kweli, na programu haijui hilo, programu inafikiri watu wote wenye jina moja ni mtu mmoja mwenye nyimbo nyingi.

Tangu Alhamisi amewatenganisha, Kambere mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake la ubatizo, kazi ya siku tatu, na bado haamini, kwa sababu kosa la jana likirekebishwa programu hubuni kosa la kesho, ameijaribu ile ya kwanza, iliyokuja na kompyuta yenyewe, inataka kujua wewe ni nani, inataka barua pepe, inataka internet, isipopata inazungusha kiduara chake katikati ya skrini kama mtoto aliyenuna, ameirudia ile ya pili, nyepesi, ya kijivu, aliyopewa kwenye flash na mwenzake Shalom waliposoma pamoja, aliipenda hiyo, haina makuu, ila haisomi herufi zenye alama juu, Éliakim kwake ni kijisanduku, Abigaïl kijisanduku, Phinées kijisanduku, na wimbo wenye kijisanduku huuruka kimyakimya bila kusema samahani, kwa hiyo nusu ya kwaya za mji huu kwake hazijazaliwa, na ile ya nne, ah ya nne ilimpa matumaini Ijumaa nzima, ukifungua orodha, na ndani ya orodha orodha nyingine, na ndani yake nyingine, kuna maneno ya Kiingereza yanayosema simama baada ya wimbo huu, aliyasoma mara mbili, akatamani kuyabusu, akaijaribu, ikasimama, kweli ikasimama, lakini ukiweka wimbo unaofuata inakuwa imesahau, inabidi uingie tena ndani kwa ndani kila mara, kama kumkumbusha mlevi jina la mke wake, na zile za redio hasa, za kitaalamu, zinataka kadi ya benki na malipo kila mwezi, hizo ni za redio za watu wengine, basi ukizitazama kwa makini zote ni programu moja iliyobadilishiwa shati, zimetengenezwa na watu wanaoamini kwamba baada ya wimbo kuna wimbo, na baada yake mwingine, na kwamba mtu akiachwa bila kitu masikioni hata kidogo atakwenda kwa jirani, next, next, next, hakuna aliyewahi kuwaza kwamba kuna mahali watu wanataka kitu kifike mwisho wake.

Na hata ikisimama, itakuwaje, hapo ndipo akili yake hugonga ukuta kila siku, kwa sababu kimya nacho hakiruhusiwi, Directeur Élisée amekikataza kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, KIMYA HAPANA, na ana sababu, siku moja umeme ulikatika saa ya matangazo na jenereta ikagoma, redio ikanyamaza, na kabla ya robo saa kwisha wafanyabiashara wa barabara nzima walikuwa wamefunga milango, kina mama wanakimbilia shule kuchukua watoto, hakuna kilichotokea, redio ilikuwa imenyamaza tu, lakini hapa redio ikinyamaza kila mtu anadhani vita vimeingia, anaanza kutafuta viatu, tena mtambo wa wale wenzetu wa Beni ukisikia kimya unatukata na kuweka muziki wake wenyewe, kwa hiyo ikisimama Eringeti watasikia muziki wa dansi, isiposimama watasikia atakachochagua programu, ni kama mtu aliyeambiwa achague mlango kati ya mlango mmoja, na Directeur alimwita Ijumaa, hakupaza sauti, ndilo lililomtisha, "Falonne, mi sitaki tena histoire ya logiciel, ya ile programu yako. Bantu habasikilizake logiciel, banasikilizaka redio. Ikirudia, donc tutaachana bien, bila makelele," na alipotoka ofisini akamkuta Virginie.

Virginie Syauswa, binti wa marehemu, ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la korido, Falonne anaona bega lake na nusu ya kitambaa chake cha kichwa kupitia kioo kidogo cha mlango, ameegemeza sikio kwenye karedio kadogo kalikofungwa mpira, siku ile ya Ijumaa hakuwa amekaa, alikuwa amesimama katikati ya korido, mkoba chini, mikono wazi, "Njo wewe unawekaka miziki?" na Falonne akasema ndiyo mama, ni mimi, "Papa yetu ilikuwa ndani ya jeneza, batoto bake bako chini banalia, na ninyi munatupigia vigelegele? Nani aliolewa? Mi nakuuliza. Nani aliolewa?" na Falonne, Mungu amsamehe, alianza kumweleza habari ya mise à jour, alisema kweli kabisa neno mise à jour mbele ya mwanamke aliyenyoa nywele kwa msiba, akasema kisanduku cha msanii, akasema mfumo, na Virginie akamsikiliza mpaka mwisho, hilo ndilo baya, hakumkatiza, kisha akasema polepole, "Sawa. Lakini nani aliolewa?" akaokota mkoba akaenda, na leo amerudi yeye mwenyewe na karatasi ya tangazo la pili, akampa Muyisa, si Falonne, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuchukia, "Tunarudi kwenu juu hatuna kwengine. Kaka iko nasikilizaka tu hii yenu," na alipopita karibu na Falonne alinuka moshi, moshi wa kuni mbichi, wa siku nyingi, ule unaoingia mpaka kwenye mistari ya kiganja... "Kahongya, baba amezikwa, si harusi, rudi nyumbani. Familia inawashukuru." Muyisa anainua kidole. Falonne anabonyeza.

Kinanda. Kinaanza vizuri, noti ya kwanza ndefu, Kambere Éliakim anavuta pumzi kabla ya kila mstari kama vile kinanda nacho kina mapafu, na chini ya skrini tarakimu zinaanza kurudi nyuma, dakika tatu na kitu zimebaki, na Falonne hazitazami kama wimbo bali kama maji yanayopanda, ameweka nyuma ya wimbo huu wimbo mwingine wa kinanda, na nyuma ya huo mwingine, kwa mkono wake, ameziangalia mara tano, hakuna nafasi ya programu kuchagua, na bado kidole kiko juu ya kitufe, kitafunga ikibidi, lakini hilo nalo lina hatari, kwa sababu nyimbo mbili za msiba si msiba mmoja tena, kinanda cha pili kikija Kahongya atafikiri tangazo lingine limeanza na hakulisikia, kifo kingine, cha nani, watu wa Eringeti wakisikia vinanda viwili wanauliza mara mbili... anamtazama Muyisa, Muyisa anakunja karatasi pembe kwa pembe, anampandishia nyusi kupitia kioo, vipi, inaenda? naye anaitikia kwa kichwa, inaenda, Ya Muyisa, inaenda, na moshi wa Virginie bado uko puani, ajabu, moshi unakaa kuliko sauti, ni ule moshi wa Lubero, wa kilio cha bibi, alikuwa na miaka tisa, alikaa kwenye mapaja ya shangazi karibu na moto, kwaya ilikuja, ikaimba, wimbo ukaisha, na baada ya wimbo... baada ya wimbo kulikuwa na nini? Anakaza macho, tarakimu zinashuka, anajaribu kukumbuka wimbo uliofuata na haukumbuki, kwa sababu haukuwapo, hakukuwa na wimbo uliofuata, hakuna aliyechagua, wimbo uliisha na mtu akakohoa, mtu akasema ongezeni kuni, mzee mmoja akacheka peke yake akasema marehemu alikuwa akiiba sukari ya kanisa huyu, watu wakacheka na kulia kwa pumzi moja, kisha mjomba akasimama, akageukia upande wa barabara, gizani, akamwita kaka yake aliyekuwa bado njiani kutoka Kasindi, akamwita kwa jina lake la utotoni, kwa sauti kubwa, kama vile angesikia, njoo, mama ameenda, usiogope, njoo, hakikuwa kimya na hakikuwa muziki, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza ni nini kinafuata.

Siku sita nzima anatafuta mashine inayojua kusimama, na hakuna aliyehitaji mashine isimame, si Virginie, si Kahongya, Virginie hakuuliza kwa nini programu ilifanya vile, aliuliza nani aliolewa, na jibu lilikuwa neno moja, hakuna, hakuna aliyeolewa, mama, na yeye akampa maneno mia mbili, na huyu Kahongya kwenye mti wake wa kakao, ambaye wimbo ulikwisha kumdanganya mara moja, kwa nini auamini wimbo leo, hata ukiwa sahihi, hata ukiwa wa Éliakim na si wa Kambere mwingine yeyote, wimbo ni wimbo, yeye atauliza tena ni nini hii, mchezo gani tena wa watu wa mjini, lakini sauti ya dada yake, sauti iliyomwita ale, iliyomwita aoge, hakuna programu inayoweza kuichanganya na ya Virginie mwingine, na Virginie yuko hapo, mita tatu, na sikio lake kwenye karedio, anamsikiliza Kambere akivuta pumzi, na mikro ya pili ipo, ile ya wageni, chini ya kitambaa, Falonne anaijua swichi yake, na sheria anaijua pia, jamaa za marehemu hawaingii studio, tangu siku ile mtu mmoja alipoingia kuaga akaanza kutaja hewani majina ya watu aliowalaumu, Directeur alisema kamwe, na Directeur yuko ofisini, na redio yake imefunguliwa, anasikia kila kitu, na bien, bila makelele, ndivyo tutakavyoachana, atarudi Beni kuuza vitenge na mama yake, atapima vitenge, atavipima vizuri, hakuna kitenge kitakachopungua hata kidole... Anashangaa kwamba wazo hilo halimuumi. Linapita kama mtu wa barabarani. Anatazama mkono wake, umeacha kipanya, lini umekiacha, hajui, tarakimu zinasema sekunde hamsini na kitu, kinanda kinarudia mstari wa kwanza kama kilivyofanya Jumatano, kila kitu kiko kama Jumatano, kiti, kamba, taa nyekundu, Muyisa na karatasi yake iliyokunjwa kuwa ndogo kama stempu, na Falonne anavua écouteurs masikioni, anazilaza mezani taratibu zisigonge, anafungua mlango wa korido kwa goti kama kawaida kwa sababu kitasa kimelegea, na Virginie anainua kichwa, macho mekundu ya moshi, na Falonne hasemi mise à jour, hasemi mfumo, anasema, "Mama, njoo umuite kaka yako."

Virginie anamtazama. "Mi? Niseme nini?"

"Hakuna aliyeolewa," anasema Falonne. "Umuambie hivyo. Njoo, wimbo unaisha."

Na kinanda bado kinaendelea, na Muyisa nyuma ya kioo amefungua mdomo, na benchi limebaki tupu na karedio kakiimba juu yake.

Kesho yake asubuhi hakupitia kazini kusoma Directeur amebandika nini mlangoni juu yake. Alikwenda Kimemi, nyuma ya soko, akapita kati ya viti vya plastiki, wanawake wakamsogezea kigoda karibu na moto bila kumuuliza, Virginie akamwambia tu "wasingya", asante ya kwao, sauti imemkauka kwa kuita, wakakaa, mtu akakohoa, mtu akaongeza kuni, na jua lilipokuwa limeshapanda juu ya mabati pikipiki ikasimama nje, akaingia mwanamume mrefu mwenye matope hadi magotini na vidole vyeusi kwa kakao, akasimama akiutazama moto kwa muda mrefu, kisha akasema, si kwa mtu yeyote, "Donc hakuna arusi." Falonne akainuka, akampisha kigoda.